Benchi Moja, Wakwe Wawili

Zahanati yetu ilikuwa na mlango mmoja tu. Naanza na mlango kwa sababu watu wakiniuliza ilikuwaje hutaka nianze na dawa zilizokosekana, na dawa zilikosekana kweli, wala sitetei mtu. Ila kwa yule dada wa Ileje mambo yaliharibikia mlangoni.

Siku hizi pale kuna duka la vipuri vya pikipiki. Wakati ule ilikuwa nyumba ya kupanga upande wa Mpemba, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na kabla yetu ilikuwa stoo ya mahindi. Siku za joto kuta zilinuka pumba. Watu wa kanisa pamoja na wafadhili wachache waliikodi ili wakazi wa mjini wasio na bima wapate pa kupimwa bila kuulizwa kadi: wapakuaji wa mizigo, mama ntilie, wasichana waliovusha nyanya kwenda Nakonde ng'ambo ya mpaka, wazee waliofuata watoto wao Tunduma. Mbele kulikuwa na chumba chenye benchi refu la mbao, nyuma chumba cha kupimia. Mimi nilikuwa muuguzi. Nilikuwa pia mfagiaji, karani na mgombezi, na hiyo kazi ya mwisho ndiyo niliyoiweza zaidi. Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni; mama yangu kule Mbozi alisema nilitoka tumboni nikiwa nimekunja uso.

Jumatano ilikuwa siku ya presha. Mashine ya kupimia iliyosema kweli ilikuwa moja, na daktari, ambaye alijitolea tu, aliweza kuja kutoka Vwawa siku hiyo peke yake. Kwa hiyo wazee wenye presha na wajawazito wote waliwekwa Jumatano. Aliyepanga hivyo hakuwa mjinga. Ningepanga mimi, ningepanga hivyohivyo.

Mzee alitangulia kuja kabla ya mkamwana wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la suti alilivaa hata jua likiwaka. Alitoka vijiji vya milimani vya Ileje, mbele ya Itumba, na mwanawe alimleta mjini baada ya mama yao kufariki, maana kule nyumbani vidonge vya presha vilikuwa vya kuotea. Akifika mlangoni alivua kofia, akamsalimia kila aliyeketi, mmoja mmoja, hata mtoto mgongoni, kisha akakaa mwisho wa benchi. Mimi si mtu wa kupenda wagonjwa hovyo, lakini huyu nilimpenda. Nikimwamkia shikamoo alinijibu marahaba taratibu, utadhani nimempa kitu cha thamani.

Mkamwana alikuja Jumatano iliyofuata. Mimba ya kwanza, msichana mpole mwenye mwanya, mume wake utingo wa malori yanayokwenda Kongo. Haya niliyajua baadaye. Siku ile nilichoona ni mwanamke mjamzito anakanyaga kizingiti, anaona kofia juu ya goti la mzee, anarudi nyuma na kupotea. Nikadhani amesahau kitu nyumbani.

Wiki nyingine yeye ndiye aliyewahi. Aliketi, akafunua kitenge kichwani, akaanza kupiga soga na wenzake. Mara mzee akatokea. Hakuingia. Aliona tu bega lake, akageuka, akaenda kusimama juani nyuma ya ukuta. Msichana akajitanda kitenge mpaka puani, akaniita.

"Dada, mwambie baba ageukie barabarani, nataka kutoka."

Mzee alikuwa karibu kiasi cha kusikia hata akipumua. Nikatoka nikamwambia hivyohivyo.

"Mwambie nimeshageuka," akasema. "Na mwambie asitoke. Ninaondoka mimi."

"Dada, mwambie baba asiondoke kwa ajili yangu. Vidonge vyake vimeisha."

Nikasimama mlangoni kama redio, napokea huku, natangaza kule, na wote wawili wanasikia kila neno kabla sijalifikisha. Mwisho wake waliondoka wote. Yeye alipita akiwa amejifunika, mzee akafuata baadaye kwa njia nyingine, na hakuna aliyepimwa.

Mambo ya wakwe siyo mageni kwangu. Sisi Wanyiha tuna heshima zetu, na mama yangu hajawahi kula sahani moja na mkwewe. Lakini familia ile ilikuwa imeshika ya zamani kwelikweli. Mkamwana hamtazami baba mkwe, haketi naye chini ya paa moja, hatamki jina lake. Na baba mkwe naye hamtazami mke wa mwanawe usoni. Majirani zao wengi kule milimani wameshaachana na hayo, na mchungaji alihubiri kwamba katika Kristo wote ni wana. Mzee alisema amina pamoja na wengine, akaendelea kugeuka. Kwao, mama mkwe ndiye anayefungua huo mwiko, kwa chakula anachowapikia wote baada ya mtoto wa kwanza. Mama mkwe alikuwa amekufa, na hakuna mtu mwingine aliyejua kwa hakika inafanywaje.

Mjini waliishi ua mmoja, vyumba viwili vyenye milango tofauti. Jirani, mama mmoja muuza mchele, ndiye aliyebeba chakula kutoka mlango huu kwenda ule. Asipokuwepo, msichana aliniambia huku akicheka, huongea na kuku. "Namwambia: wewe kuku, uji uko kwenye kibaraza, usije ukapoa. Basi namsikia baba anakohoa. Akikohoa najua kachukua."

"Na wewe unaona sawa?" nikamuuliza.

"Baba ni mtu mzuri, dada. Angekuwa mkorofi ningeshamzoea nikamtazama usoni."

Nikamwambia heshima si utumwa. Akanitazama kwa mshangao. "Kwani nani kasema utumwa?"

Nikaona nitumie akili. Nilimwambia mzee aje asubuhi, na msichana aje mchana, kabla daktari hajaondoka. Kwangu lilikuwa jambo la kitoto kabisa. Lakini mzee alipofika nyumbani akafikiri, akaona haifai mjamzito atembee na jua la mchana wakati yeye mwanaume amepewa ubaridi wa asubuhi. Akaamua kumwachia asubuhi, yeye aje mchana. Hakumwambia mtu, maana mtu wa kumwambia hakuruhusiwa kuongea naye. Msichana akaja mchana kama alivyoagizwa. Wakakutana mlangoni. Kila mmoja akageukia upande wake, mmoja anatazama barabara, mwingine anatazama ukuta, na daktari ndani anauliza mbona foleni haisogei.

Nilicheka siku ile. Benchi zima lilicheka. Hata mzee mabega yalimtikisika kule alikogeukia.

Sikucheka tena nilipoenda kwao baada ya kazi kumpima msichana. Mashine nzuri haikuruhusiwa kutoka zahanati, kwa hiyo nilichukua ile nyingine, ambayo ilimsifia kila mtu kuwa mzima. Ikamsifia na yeye. Lakini miguu yake ilikuwa imejaa, na nilipobonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo shimo likabaki. Uso nao ulikuwa umeumuka. Nikamwambia kesho yake aende hospitali kubwa asingoje Jumatano. Akasema ndiyo dada, kwa ile ndiyo ya watu wa heshima, ambayo maana yake ni kwamba hataki kubishana na wewe. Mume akirudi safari atampeleka. Mume simu yake haikupatikana. Alikuwa mbele huko, mahali ambapo malori hulala njiani wiki nzima. Nikamtuma mama muuza mchele akamwambie mzee. Mzee akajibu kwamba amesikia, na kwamba yeye si mtu wa kumwamuru mke wa mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mwanawe.

Niseme ukweli, usiku huo nililala na hasira ambazo sikujua nizipeleke wapi. Ningemkasirikia nani? Kila mtu katika ua ule alikuwa anamtakia mwenzake heri.

Jumatano ikaja. Msichana alifika mapema, akaketi katikati ya benchi, akajinafasi. Nilishangaa, nikamuuliza baba yuko wapi. Akasema baba ametuma neno kwa jirani: leo hatakuja kabisa, na wiki ijayo pia hatakuja, mpaka mtoto azaliwe. Vidonge ataacha kwanza. Alilisema hilo huku akitabasamu, kwa namna mtu anavyosema amepewa zawadi kubwa mno. Kisha akasema kichwa kinamuuma tangu juzi, na macho yanamuwaka.

Daktari alimpima mkono wa kulia. Akampima wa kushoto. Akarudia wa kulia. Alipoinua macho kunitazama sikungoja aseme, nikatoka kutafuta bajaji.

Kuna sindano ya kuzuia degedege la uzazi, lile ambalo wengi tunaliita kifafa cha mimba. Kasha lake lilikuwa kabatini na ndani yake hakukuwa na kitu. Tulikuwa tumeahidiwa mzigo na tulikuwa tunaendelea kuahidiwa. Mkono mtupu haulambwi, na wetu siku ile ulikuwa mtupu mpaka kwenye kiwiko. Daktari alimpa vidonge alivyokuwa navyo, akasema hospitali watataka ndugu, wa kutoa damu na wa kukubali lolote litakaloamuliwa. Jirani alikuwa amevuka Nakonde. Ndugu alikuwa mmoja tu mji mzima, na nikamtuma mtu wa bodaboda akamlete.

Mzee alikuja koti likiwa halijafungwa vifungo. Alisimama nje, mgongo mlangoni.

"Baba," nikamwambia, "huyu anakwenda hospitali sasa hivi. Unapanda naye."

"Siwezi kupanda naye, binti yangu."

"Panda mbele, kaa na dereva."

"Nimpe mgongo njia nzima? Na bajaji ikiyumba tugusane?"

Kutoka ndani sauti ikasema: "Dada, mwambie baba apande yeye. Mimi nitangoja nyingine."

Nikafungua kitenge changu cha juu nikakitundika kati ya kiti cha mbele na cha nyuma. Nilijiona mjanja. Dereva akageuka. "Sista, hapo sioni nyuma kabisa. Na trafiki yuko pale mizani ya juu." Nikakishusha. Nikakitundika nusu. Msichana akasema nusu haitoshi. Mzee akasema kwa upole kwamba nisijisumbue, yeye atafuata na bodaboda, na atakaa mbali nyuma. Daktari akatoka na glavu mikononi, akamfokea mzee, akasema anaua mtu kwa adabu. Mzee akavua kofia, akakubali kufokewa, hakusogea. Yote hayo yalikula muda. Sijui muda gani. Nilipanda na msichana mwenyewe, nikamwachia daktari benchi lililojaa.

Barabara kuu ilikuwa imeziba. Malori yalipanga mstari kuelekea mpakani, na jingine lenye kontena lilikuwa limeharibika upande wa pili, kwa hiyo tulipenya kati ya matairi yaliyotuzidi urefu. Msichana alinishika kiganja. Akasema, "Dada, mbona taa nyingi?" Ilikuwa mchana, hakukuwa na taa yoyote. Kisha macho yakapinduka na mwili ukaanza kukazana.

Tulimtoa nje mimi na dereva, tukamlaza ubavu kwenye changarawe ili asipaliwe. Dereva mmoja wa Zambia akashuka kwenye lori lake akisema mayo, mayo, yaani mama kwa lugha ya kwao, akavua shati akamwekea chini ya kichwa. Wengine wakaja. Bodaboda ya mzee nayo ikafika. Alishuka, akaona kundi, akaelewa, akaenda kusimama kwenye lori la nyuma yetu, uso karibu ugonge tairi.

"Mzee, huyu si mtu wako?" mmoja akamwita. "Njoo shika miguu."

Hakugeuka. "Muuguzi," akauliza, "anapumua?"

"Anapumua, baba."

Akauliza tena. "Bado anapumua?"

"Bado."

Aliuliza hivyo muda wote ambao msichana alikuwa chini. Sauti yake haikupanda. Nilitamani kumpiga kofi, nilitamani kumkumbatia, na sikuwa na mkono wa kufanya lolote kati ya hayo, maana mikono yangu ilikuwa imeshika kichwa cha mkamwana wake kisigonge mawe. Nimefanya kazi hii miaka, nimefunga vidonda vya ajali ambavyo watu wazima walivikimbia. Sijawahi kujiona bure kama pale, katikati ya wanaume wote wale wenye nguvu za kubeba magunia.

Hospitalini walitupokea mbio. Siwalaumu hata kidogo. Walimchukua kutoka mikononi mwetu kabla bajaji haijasimama, wakamchoma sindano ile tuliyokosa, wakampeleka kupasuliwa. Kilichobaki kwetu kilikuwa benchi. Lilikuwa refu kuliko letu, na mzee aliketi, akavua kofia, akawasalimia walioketi.

Wakaja kuuliza damu. Mzee alikuwa amesimama kabla swali halijaisha, ameshavua koti, anakunja mkono wa shati. Muuguzi wa pale akamuuliza kama anafahamu damu yake inaweza kuingia kwa mgonjwa wake. Nilimtazama usoni. Kwao mtu na mkamwana wake hawachangii hata kikombe kimoja. Alifikiri kidogo tu.

"Hataiona," akasema. "Wekeni."

Wakampima kwanza. Presha yake ilikuwa juu kiasi kwamba yule muuguzi alimkalisha kwa nguvu akaita mwenzake. Alikuwa hajameza kidonge siku kadhaa. Na umri pia ulikuwa umepita. Wakamwambia haiwezekani. Alibaki na mkono umenyooka mezani, mshipa umesimama, akiwaeleza kwamba yeye hana ugonjwa wowote, ana damu nyingi tu, wachukue hata kidogo. Wakamtoa na kumpa vidonge na maji. Nikatoa damu yangu mimi.

Mtoto alitoka mzima, wa kike, mdogo. Walimpeleka mzee akamwone kwenye chumba cha joto, na mjukuu hana mwiko, kwa hiyo alimtazama mpaka wakamwomba apishe wengine. Mama hakuamka. Kesho yake asubuhi, nilipofika na uji kwenye chupa ya chai, daktari wa wodi alituita pembeni wote wawili akasema maneno ambayo nami nimewaambia watu wengine mara nyingi, kwa sauti ileile ya chini. Nilikuwa sijui yanavyosikika upande huu. Nilikaa chini kwenye sakafu na chupa yangu, nikalia waziwazi kama niliyefiwa na mdogo wangu. Mzee alibaki amesimama. Aliuliza tu kama aliumia, wakasema hapana, alikuwa amelala.

Simu ya mume haikupatikana bado. Kwa hiyo ilipofika wakati wa kwenda chumba cha maiti, kule wanakotaka ndugu amtambue marehemu kabla hajaandaliwa kusafirishwa, aliyetakiwa ni mzee. Aliniomba nimsindikize. Nilidhani anaogopa.

Mhudumu alikuwa mtu mzima, mwenye adabu. Alitupa pole, akatuelekeza tulipotakiwa kusimama, akafunua shuka mpaka kidevuni. Mzee alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe.

"Mzee, ndiye?"

Akaizungusha kofia mikononi.

"Mzee wangu, pole sana. Nitazamie tu mara moja. Ndiye mkamwana wako?"

"Muulize huyu binti," mzee akasema. "Mimi simjui sura."

Mhudumu akanitazama, akamtazama yeye. "Si nasikia mnaishi ua mmoja?"

"Tunaishi ua mmoja. Amenipikia tangu mama yao alipofariki."

Nikasogea. Mwanya ulionekana kidogo kwenye mdomo uliobaki wazi. Nikasema ndiye. Mhudumu akafunika shuka na kusema basi, inatosha, tunaweza kutoka. Lakini mzee alibaki pale, macho bado sakafuni, kofia mikononi, halafu akaniuliza polepole, kama mtu anayeomba njia katika mji asioujua:

"Una hakika, binti yangu, kwamba ni yeye?"

Nikamwambia nina hakika. Akaitikia kwa kichwa, akalipokea neno langu, kwa kuwa hakuwa na lingine.